Kuhesabu Karata Kwenye Blakijeki: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji wa Dar

Ukikaa kijiweni na watu wanaojua arobastini, utamwona mzee mmoja asiyesema sana, lakini karata zikibaki chache mkononi yeye tayari anajua turufu iliyobaki iko kwa nani. Hajakariri karata zote. Ameshika zile zinazoamua mchezo. Kuhesabu karata kwenye blakijeki, mchezo wa kumshinda mgawa karata kwa kukaribia 21 bila kuipita, ni kazi ya namna hiyo hiyo, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: unajumlisha moja, unatoa moja. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kinachowashinda wengi ni mambo yanayoizunguka hesabu yenyewe, yaani kuchagua meza, kucheza kila mkono inavyotakiwa, kuwa na mtaji, na kutulia siku karata zinapokukataa.

Mawili kabla hatujaanza. Kwa sheria yetu, kasino si mahali pa mtu aliye chini ya miaka 18, na nyumba yoyote utakayoingia iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. La pili, kama dini yako inakukataza kamari, hesabu hii unaweza kujifunza sebuleni bila hata senti moja mezani. Itakufundisha mengi kuhusu bahati na uwezekano.

Kwa nini hesabu hii inafanya kazi

Gurudumu la ruleti halikumbuki lilikoangukia jana. Blakijeki inakumbuka. Karata ikishatoka hairudi mpaka zichanganywe upya, kwa hiyo zilizotoka zinakuambia kitu kuhusu zilizobaki.

Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha hesabu za namna bora ya kucheza kila mkono, kazi waliyoifanya kwa mashine za kujumlishia za mezani. Mwaka 1962 mtaalamu wa hisabati Edward Thorp, aliyekuwa ametumia kompyuta ya IBM 704, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba mchezaji anayefuatilia karata zilizotoka anaweza kuishinda kasino. Mfumo wa juu-chini tutakaoutumia hapa uliletwa mwaka uliofuata na Harvey Dubner, na hadi leo ndio unaopendwa zaidi.

Siri yake iko kwa dila, yaani mgawa karata wa kasino. Wewe unaweza kusimama na 13 ukitaka. Yeye hana hiari: akiwa na 16 au chini lazima aongeze karata. Boksi la kutolea karata likiwa limejaa kumi na karata za picha, ambazo nazo ni kumi, akiongeza juu ya 14 au 16 anapita 21 na meza nzima inakula. Likiwa limejaa tatu, nne na tano, karata hizo hizo zinamwokoa. Tena, ree (karata ya A, inayohesabika 1 au 11) na kumi zikiwa nyingi, blakijeki, yaani mkono wa ree na kumi, zinatoka mara nyingi zaidi kwa pande zote mbili, ila wewe ukipata unalipwa dau na nusu, yeye akipata anachukua dau lako tu. Kwa hiyo karata ndogo zikitoka ni habari njema kwako, na kubwa zikitoka ni habari mbaya.

Hatua ya kwanza: jifunze kucheza mkono kabla ya kuhesabu

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo wanapoliwa. Anayejua kuhesabu lakini anacheza mikono kwa hisia bado anaipa kasino pesa. Anayecheza mikono sawasawa bila kuhesabu anabaki nyuma ya kasino kwa takriban asilimia 0.5 tu kwenye meza yenye masharti mazuri. Hesabu kazi yake ni kuifuta hiyo nusu na kupita kidogo.

Kariri hivi. Ukiwa na 17 au zaidi bila ree, simama. Ukiwa na 13 hadi 16, simama kama dila anaonyesha 2 hadi 6. Akionyesha 7 kwenda juu, ongeza. Ndiyo, hata 16 inayotisha, unaongeza. Ukiwa na 12, simama dhidi ya 4, 5 na 6 tu. Ukiwa na 11 piga dabo, yaani weka dau la pili na upewe karata moja tu, dhidi ya 2 hadi 9. Ukiwa na 10, vilevile 2 hadi 9. Ukiwa na 9, dabo dhidi ya 3 hadi 6. Chini ya hapo ongeza.

Mikono yenye ree inayohesabika 11 ina utaratibu wake. Ree na 8 au ree na 9, simama. Ree na 7 ndiyo inayosumbua: simama dhidi ya 2, 7 na 8, piga dabo dhidi ya 3 hadi 6, ongeza dhidi ya 9, 10 na ree. Ree na 6 inapigwa dabo dhidi ya 3 hadi 6. Ree na 4 au 5, dhidi ya 4 hadi 6. Ree na 2 au 3, dhidi ya 5 na 6. Kwingine kote unaongeza.

Jozi: tenganisha ree mbili na nane mbili, yaani zicheze kama mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Usitenganishe kumi, na usitenganishe tano, maana tano mbili ni 10 nzuri ya kupigia dabo. Tisa zinatenganishwa dhidi ya 2 hadi 9 isipokuwa 7. Saba, dhidi ya 2 hadi 7. Sita, dhidi ya 2 hadi 6. Mbili na tatu, dhidi ya 2 hadi 7. Nne ziache, ziongezee tu.

Kuna jambo la kuangalia mapema. Kwenye meza za Marekani dila huchukua karata yake ya pili mwanzoni na kuchungulia kama ana blakijeki. Kwenye meza za mtindo wa Ulaya haichukui mpaka wachezaji wote wamalize. Mtindo huo ukiukuta, na ukawa unapoteza madau yote uliyoongeza endapo blakijeki itamtokea, usitenganishe nane dhidi ya 10 au ree, na ree zako usizitenganishe dhidi ya ree yake, ongeza tu. Ndiyo maana 11 nimekuandikia dabo hadi 9 peke yake. Ukikuta dila anachungulia, dhidi ya 10 nayo piga dabo.

Mimi niliyaandika haya kwenye kadi na kuyasoma kwenye daladala, Mbagala hadi mjini, wiki tatu. Siku utakayoona 12 dhidi ya 3 na mkono ukaomba karata kabla hujafikiri, umeiva.

Hatua ya pili: moja juu, moja chini

Karata 2, 3, 4, 5 na 6 zinahesabiwa jumlisha moja. Karata 7, 8 na 9 ni sifuri, zipite. Karata 10, J, Q, K na ree ni toa moja. Pakiti nzima ya karata 52 ina ndogo 20 na kubwa 20, kwa hiyo ukimaliza kuihesabu yote lazima urudi kwenye sifuri.

Ushauri mmoja ambao sikufundishwa na mtu: usihesabu kichwani kwa "hasi". Hasi tatu jumlisha moja, akili inayumba. Mimi nasema akiba na deni. Akiba nne, akiba tano, akiba nne. Ikishuka chini ya sifuri, deni moja, deni mbili. Mtu aliyewahi kukopa dukani kwa Mangi hahitaji kufikiri kujua kwamba deni tatu ukilipa moja linabaki deni mbili.

Tuchukue mzunguko mmoja. Wachezaji watatu. Wa kwanza ana K na 5, wa pili ana 4 na 6, wa tatu ana 9 na ree. Dila anaonyesha 3. Usizihesabu moja moja. Zitazame kwa jozi, zinazofutana zifute. K na 5 zimefutana, sifuri. 4 na 6, akiba mbili. 9 haina kitu na ree inatoa moja, akiba moja. Tatu ya dila, akiba mbili. Sasa wa kwanza ana 15 dhidi ya 3, anasimama. Wa pili ana 10, anapiga dabo, anapewa Q: akiba moja. Wa tatu ana 20 yake, anasimama. Dila anavuta 2, akiba mbili. Anavuta 6, akiba tatu. Anavuta 8, haibadiliki. Ana 19. Mzunguko umeisha, na wewe unaingia unaofuata ukiwa na akiba tatu.

Nyumbani anza na pakiti moja. Ichanganye, toa karata moja bila kuitazama, iweke kifudifudi. Hesabu 51 zilizobaki. Ukimaliza na akiba moja, iliyofichwa ni kubwa. Ukimaliza na deni moja, ni ndogo. Ukimaliza sifuri, ni 7, 8 au 9. Ifunue uone. Zoezi hili halikudanganyi, linakuambia papo hapo kama umekosea. Mara ya kwanza utatumia dakika mbili na utakosea. Lengo ni sekunde 30 au chini, bila kosa, mara kumi mfululizo.

Ukifika hapo, toka na utulivu wa chumbani. Washa redio yenye mpira, mwambie mdogo wako akuulize bei ya unga na sukari wakati unahesabu. Kasino ina muziki, ina vinywaji, ina jirani anayependa kusimulia. Nilishawahi kukaa kwenye meza moja ya kasino hapa mjini, Ijumaa usiku, akiba imefika kumi na moja, boksi linakaribia mwisho, nami nikijua dau kubwa limewadia. Kijana wa mtaani kwetu akanigusa bega: "Shikamoo kaka!" Nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za nyumbani, niligeuka nikakuta karata zimeshakusanywa. Badala ya kukubali kwamba hesabu imepotea, nikakisia. Niliweka madau makubwa mizunguko minne kwa akiba ya kubuni, nikaliwa minne yote. Hesabu ikipotea, imepotea. Weka dau la chini mpaka karata zichanganywe upya.

Hatua ya tatu: hesabu ghafi na hesabu halisi

Akiba sita mwanzoni mwa boksi la pakiti sita si sawa na akiba sita zikibaki pakiti mbili. Ni kama kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya shughuli na kijiko hicho hicho kwenye kikombe cha supu. Ile unayoibeba kichwani ni hesabu ghafi. Ili upate hesabu halisi, igawe kwa idadi ya pakiti zilizobaki.

Akiba nane, zimebaki pakiti nne: halisi ni mbili. Akiba nane, zimebaki pakiti mbili: halisi ni nne. Ule mzunguko wetu wa juu ulioleta akiba tatu, kama ndio wa kwanza kwenye boksi la pakiti sita, halisi yake ni nusu tu. Hakuna cha kufanya, endelea na dau la chini.

Pakiti zilizobaki huzioni vizuri ndani ya boksi, ila zilizotumika zimepangwa kwenye trei pembeni ya dila. Tazama trei, toa kwenye sita. Kulijua hilo kwa jicho, nunua Kariakoo pakiti sita za aina moja, uzipange mezani. Pakiti moja ina unene wa karibu sentimita moja na nusu. Kata fungu bila kuhesabu, kisia ni pakiti ngapi na nusu, kisha hesabu uone. Jioni chache zinatosha.

Hatua ya nne: dau lifuate hesabu

Kila hesabu halisi inapopanda moja, faida inasogea upande wako kwa takriban nusu asilimia. Kasino ilianza na nusu asilimia mbele yako, kwa hiyo kwenye moja mko sawa, kwenye mbili umeanza kuwa mbele, kwenye nne uko mbele kwa kama asilimia moja na nusu.

Tuseme dau la chini ni shilingi 10,000. Hesabu halisi ikiwa moja au chini yake, weka 10,000. Mbili, weka 20,000. Tatu, 50,000. Nne, 80,000. Tano na kuendelea, laki moja, usipite hapo. Hesabu ikiwa deni kubwa huna haja ya kuvumilia. Inuka, nenda chooni, pokea simu nje, rudi karata zikichanganywa.

Bima, lile dau la pembeni kwamba dila ana blakijeki, unaloulizwa akionyesha ree, ikatae siku zote mpaka hesabu halisi ifike tatu. Ikifika tatu, ichukue. Badiliko jingine la kuanza nalo ni 16 dhidi ya 10: hesabu ikiwa juu ya sifuri, simama badala ya kuongeza. Mengine yapo mengi, yasubiri.

Hatua ya tano: meza yenyewe

Hii ningeiweka ya kwanza, ila usingeielewa. Kabla hujakaa, simama nyuma ya meza dakika kumi na uangalie.

Angalia karata zinakwenda wapi baada ya mzunguko. Kama dila anazirudisha kwenye mashine inayochanganya muda wote, ondoka. Hakuna zilizotoka na zilizobaki hapo. Kwa sababu hiyo hiyo blakijeki ya kompyuta kwenye simu haihesabiki, maana programu huchanganya upya kila mkono. Ukiona mtu anauza "mfumo wa kuhesabu" wa michezo ya simu, anakuibia.

Angalia blakijeki inalipwaje; huwa imeandikwa kwenye kitambaa cha meza. Tatu kwa mbili maana yake dau la 10,000 linaleta 15,000. Sita kwa tano linaleta 12,000. Elfu tatu inaonekana ndogo, lakini blakijeki hutokea takriban mara moja kila mikono 21. Igawe: ni kama shilingi 143 unazokatwa kila mkono, karibu asilimia 1.4 ya dau lako. Kuhesabu kwako kote hakutaziba pengo hilo. Usikae kwenye meza ya sita kwa tano.

Angalia karata ya plastiki anayoichomeka dila baada ya kukata. Inaonyesha boksi litachezwa mpaka wapi. Pakiti sita zikichezwa nne na nusu au tano, vizuri. Zikichezwa tatu tu, hesabu kubwa hazitapata muda wa kujitokeza. Mwisho, uliza dila hufanya nini akiwa na ree na 6. Akisimama ni bora. Akiongeza unapoteza kama asilimia 0.2.

Uliza kwa adabu, kama mgeni anayejifunza mchezo. Madila wa Dar wanajibu vizuri.

Mtaji, na ukweli wa pesa

Hapa nakuomba usome taratibu. Tuseme madau yako yanakuja wastani wa 20,000, faida yako ni asilimia moja, na kwa saa unacheza mikono 70. Umezungusha 1,400,000. Asilimia moja ni 14,000. Hayo ndiyo matarajio yako kwa saa nzima ya kukaza akili. Lakini saa hiyo hiyo, kwa bahati ya kawaida tu, unaweza kuwa juu au chini kwa laki mbili na zaidi. Elfu kumi na nne ndani ya wimbi la laki mbili. Utacheza sawasawa jioni nzima na kurudi nyumbani umeliwa, na wiki inayofuata tena, na hutakuwa umekosea chochote.

Ndiyo maana mtaji unaohitajika ni kama mara mia ya dau lako kubwa. Kwa mfano wetu wa laki moja, ni milioni kumi, iliyotengwa, isiyo kodi, isiyo ada ya mtoto, isiyo ya kikoba, na hasa isiyo mkopo wa simu. Ukiwa huna, na wengi wetu hatuna, cheza kwa dau la chini ukiujua mchezo, au baki na karata za nyumbani. Nimemwona rafiki yangu akihesabu vizuri kunishinda, akiwa na laki tatu mfukoni. Alifilisika kwa usiku mmoja, wakati hesabu ikiwa upande wake.

Mbele ya wasimamizi

Kuhesabu kwa kichwa ni kufikiri. Hugusi karata wala hudanganyi mtu. Simu au kifaa chochote mezani ni jambo jingine kabisa, na kwa Nevada, kwa mfano, ni kosa la jinai. Usijaribu popote. Lakini kasino ni nyumba ya watu: wakikushtukia wanaweza kuchanganya karata mapema, kukuwekea kikomo cha dau, au kukuambia kistaarabu ucheze kitu kingine. Ukiambiwa hivyo, shukuru, badilisha chipu zako, toka. Usibishane.

Kinachowashtua ni dau linaloruka kutoka 10,000 hadi laki kwa mkono mmoja. Lipandishe ukiwa umeshinda, ukiacha ushindi ulale juu ya dau. Usikodoe macho kwenye trei. Na usinywe, soda inatosha.

Usiku wa kwanza

Nenda na rafiki asiyecheza, kama ukiweza siku ya katikati ya wiki, meza zikiwa na nafasi. Chukua fedha taslimu uliyopanga, kadi ya benki iache nyumbani, na nauli ya bodaboda ya kurudia iweke kwenye mfuko mwingine. Cheza dau la chini tu, hata hesabu ikipanda, saa moja. Kazi ya usiku huo ni kuona kama hesabu inakaa kichwani katikati ya kelele.

Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, fungua daftari uandike: tarehe, masharti ya meza, saa ulizocheza, ulichoingia nacho, ulichotoka nacho, mara ngapi hesabu ilikupotea, na mikono uliyoicheza kinyume na kadi. Zile mara za kupotea ndizo za kuzitazama. Zikizidi moja kwa saa, rudi kwenye pakiti ya sebuleni na redio ya mpira wiki mbili nyingine, halafu ujaribu tena.